Kitabu cha Matukio cha Gredi ya Saba

Nilikuwa nimeapa kwamba habari hii itabaki baina yangu, mke wangu na kuta za ukumbi mmoja wa kanisa, lakini kwa kuwa kila Mswahili wa Berea, mtaa wetu hapa Johannesburg, ameshaisikia na kila anayeisimulia anaongeza la kwake (juzi nimeambiwa kwamba nilimtia mwanangu pingu), naona bora niisimulie mwenyewe, aibu ibaki ile ile niliyoipata.

Mimi ni mlinzi. Mwaka wa tisa huu nakaa getini kwenye jengo moja la mtaa wa Observatory, zamu ya usiku, na chombo changu cha kazi si rungu, ni kitabu cha matukio: kitabu kikubwa cheusi ambamo kila kinachotokea kinaandikwa na saa yake, gari lililoingia, mgeni aliyetoka, taa iliyoungua, na kama hakuna kilichotokea unaandika kwamba hakuna kilichotokea. Bosi wetu si msemaji, ila hili hachoki kulirudia: ambacho hakimo kitabuni hakikutokea.

Sasa, binti yetu Salha, wa miaka kumi na miwili, alikosa nafasi ya gredi ya saba shuleni kwa sababu karatasi zake za uhamiaji zilichelewa kutoka, ndipo jirani yetu Papa Gloire, fundi cherehani wa Lubumbashi, akatuelekeza kwenye shule ya binafsi ya aina wanayoiita shule mwavuli: jina la mtoto linaandikishwa kwao na vitabu vinatoka kwao, lakini kufundisha ni kwenu, mezani kwenu. (Nilimuuliza mara tatu, "Kwa hiyo shule yenyewe iko wapi?" na mara tatu akanijibu, "Iko kwako, Papa Salha." Sikuelewa, nikajaza fomu.)

Mke wangu akashika kufundisha. Mimi nikabaki na kazi moja tu, kwa sababu barua ya shule ilisema kila familia iweke kumbukumbu ya masomo ya kila siku. Mtu mwingine angepiga simu kuuliza maana yake. Mimi sikuuliza, maana kama kuna mtu Johannesburg nzima anayejua kuweka kumbukumbu ya kila siku, ni mimi. Asubuhi nikitoka zamu nilikaa kwenye kiti karibu na mlango, na kitabu cheusi kipya mapajani, nikaandika kama ninavyoandika kazini, kwa Kiingereza kile kile cha kazini.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa mjini. Mkaguzi angepitia kazi ya mtoto na kusaini ripoti, na bila ripoti hiyo Salha asingeweza kuomba nafasi ya sekondari, na shule ile aliyoichagua mwenyewe (ina maabara, ameitaja mpaka nimeiota) ilikuwa inafunga maombi Jumatatu. Tukiwa mlangoni mke wangu akauliza, "Madaftari yake niyachukue?" Nikamwambia, "Ya nini? Wamesema kumbukumbu." Hapo ndipo nilipoharibu.

Ukumbini kila familia ilikuwa na jalada nene, limejaa michoro, picha, majani makavu yaliyogandishwa kwa gundi. Mimi nikaweka kitabu changu mezani. Mkaguzi, mama mtu mzima aliyeitwa Mam Thandi, akakifungua, akaanza kusoma kwa sauti ya mwalimu katika ukumbi wenye mwangwi.

"'08:00. Mlango umefungwa. Mtoto mmoja ndani. Hali shwari.'" Akageuza ukurasa. "'09:15. Biskuti mbili hazionekani. Mtuhumiwa ni wa kike, miaka kumi na miwili, fulana ya pinki. Amekana.'" Akageuza tena. "'10:05. Mtuhumiwa ameomba kwenda chooni. Ameruhusiwa. 10:11. Amerejea.'"

Akavua miwani. "Baba, mtuhumiwa ni nani?"

"Ni mwanafunzi, Mam."

Watu wa meza za jirani wakageuka kututazama. Nilidhani (nasema kweli) wamevutiwa na mpangilio, nikamwonyesha kwamba kila ukurasa una saini yangu chini. Mam Thandi akamgeukia Salha, kwa sauti laini kama ya muuguzi. "Binti yangu, nyumbani huwa unaruhusiwa kutoka nje?"

Mkaguzi aliongea Kiingereza, na Salha, ambaye hata sisi nyumbani hutujibu kwa Kiingereza, alijibu ukweli mtupu: "Ndiyo, naenda dukani, spaza ya pale chini. Lakini lazima nisaini."

Eish. Mam Thandi akamwita mwenzake. Kikaletwa kiti, ikaletwa juisi, Salha akaambiwa asiogope, hapa anaweza kusema lolote. Papa Gloire naye akapaza sauti kutoka meza ya tatu: "Papa Salha! Ule mutoto iko ku nyumba ao iko ku buloko?" (Buloko kwao ni gereza.) Ukumbi ukaangua kicheko.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Salha, umeandika nini humo?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata ile siku ya rula?"

Nikatazama dari.

Ikabidi nieleze kwamba mimi ni mlinzi, na kwamba kwetu getini ndivyo kumbukumbu inavyowekwa. Mam Thandi alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kidogo. "Eish, Baba, nimekuelewa. Lakini kazi ya mtoto iko wapi? Siwezi kusaini ripoti eti kwa sababu wewe unalinda vizuri."

Madaftari yalikuwa Berea, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbovu, na ukumbi ulikuwa unafungwa baada ya nusu saa. Salha alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Macho yake yalikuwa yameanza kujaa machozi. Kisha akaisukuma juisi pembeni, akakivuta kitabu cheusi na kumrudishia mkaguzi. "Fungua popote, Mam. Kila nilichokosea Baba amekiandika."

Mam Thandi akafungua. "'09:47. Mtuhumiwa anasisitiza kwamba theluthi mbili ni kubwa kuliko robo tatu. Mama anakanusha. 09:52. Mtuhumiwa bado hakubali. 09:53. Rula imerushwa na Mama. Hakuna majeruhi.'"

Mke wangu akajifunika uso kwa mtandio.

"Na leo unasemaje?" Mam Thandi akamuuliza Salha.

Salha akaenda ubaoni, akachora chapati mbili, kila moja akaigawa vipande kumi na viwili, akahesabu: robo tatu ni vipande tisa, theluthi mbili ni vinane. "Nilikuwa nimekosea," akasema. Mam Thandi akafungua kwingine, somo la mito, kisha kwingine, mfumo wa damu, na kila kosa nililoliandika mwanangu alilisahihisha mbele ya watu wale wale waliokuwa wakicheka. Dakika tano kabla ya ukumbi kufungwa, Mam Thandi akachukua kalamu, akasaini ripoti. "Katika majalada yote niliyoyaona leo," akasema polepole, "hakuna mtoto aliyewahi kukosea."

Mpaka leo sielewi kama siku ile nilisifiwa au nilikaripiwa. Kwenye ripoti, mahali pa maoni, aliandika: Mwanafunzi anajua kusahihisha makosa yake. Baba apumzike.

Nimeapa kutoingiza tena kazi ya getini nyumbani kwangu, na barua yoyote ya shule nitaiulizia hata kama nadhani nimeielewa, hasa kama nadhani nimeielewa. Salha alipata nafasi kwenye shule ile ya maabara. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe, mlinzi wa geti la shule akanipa kitabu nisaini, nikaona mstari wa juu ameukosea saa, ameandika 07:50 wakati saa yangu ilionyesha ndiyo kwanza 07:40. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikasaini mstari wangu tu, nikamrudishia.