Upole wa Alfrida

Solvej Brandgaard alikuwa na jicho ambalo madalali wa ng'ombe waliliogopa. Kwenye zizi la nyumbani kwake karibu na Lemvig, huko magharibi mwa rasi ya Jutland, kaskazini mwa Ulaya, ambako upepo wa baharini haupumziki, alipita mara moja tu mbele ya ndama na kusema, "Huyu hanyonyi vizuri, mtazameni," na kweli, haikupita siku ndama alikuwa ameinamisha kichwa. Troels, mumewe, alishaacha kubishana naye. Basi Alfrida alipozaliwa mwezi wa Januari, baada ya wazazi wake kumngoja mpaka wakachoka kungoja, hakuna aliyewaza kwamba mtoto wa nyumba ile angeweza kukosa kunenepa.

Tena alikuwa mtoto wa raha. Halii. Ananyonya kidogo, anasinzia na titi mdomoni, kisha analazwa kwenye kigari chake nje, penye kinga ya ukuta, kama wanavyolazwa watoto wa huko hata wakati wa baridi, amefungwa sufu mpaka puani. Asubuhi nzima ni usingizi. Ketty, mama yake Troels, aliyeishi kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua, alimtangaza kwa majirani.

"Mjukuu wangu mstaarabu huyo! Baba yake alikuwa akipiga kelele mpaka mbwa wanahama."

Ragnhild, nesi wa watoto aliyezunguka nyumba kwa nyumba na mizani yake begini, hakucheka alipousikia utani huo. Alimvua mtoto nguo juu ya meza ya jikoni, akamlaza kwenye mizani, akangoja namba zitulie. Akamnyanyua, akamlaza tena. Alfrida alikuwa kwenye wiki yake ya tano, na uzito wake ulikuwa umeupita ule wa kuzaliwa kwa uzito wa yai moja.

"Nepi zinalowa?"

"Zinalowa," Solvej akajibu.

"Chapachapa?"

Solvej akaitazama nepi iliyovuliwa mezani.

"Na anaamka mwenyewe kunyonya?"

"Mara nyingi namwamsha mimi. Mpole tu."

"Dada yangu, huu si upole," Ragnhild akasema taratibu. "Huyu hana nguvu za kulia."

Solvej alihisi uso ukiwaka. Alitamani kumwambia mwanamke yule afunge begi lake aende. Badala yake akakaa, akafungua blauzi, maana aliambiwa anyonyeshe hapohapo ili mtoto apimwe tena baadaye. Alfrida alinyonya na kunyonya, mashavu yakiingia ndani, lakini koo halikusikika likimeza. Aliporudishwa kwenye mizani, namba zilikuwa hazijasogea sana. Ragnhild akanawa mikono, akapitisha kidole chini ya ulimi wa mtoto.

"Kuna utando hapa umeuvuta ulimi chini. Anashika titi lakini hakamui. Na titi lisipokamuliwa, maziwa yanapungua. Daktari ataukata, nitawatafutia nafasi. Ila hatuwezi kukaa tukingoja. Mwamshe, usisubiri alie. Akishanyonya, jikamue kwa pampu, umpe hayo kwa kikombe kidogo. Na juu yake umwongezee ya kopo."

"Ya kopo, hapana."

"Solvej."

"Nimesema nitajikamua. Yatatosha."

Ragnhild akarudisha mizani begini. "Ijumaa narudi na mizani. Uzito usipopanda, tunakwenda hospitali. Na kabla ya hapo, akiwa mzito kuamka, usinisubiri mimi. Piga simu ya dharura."

Jioni ile Ketty alivuka ua, kopo la maziwa ya unga likiwa chini ya kwapa, akaliweka mezani katikati ya mkate mweusi na vikombe vya kahawa.

"Nimeambiwa," akasema.

"Liondoe, Ketty."

"Mtoto ana njaa, mwanangu."

"Mimi? Nikamue ng'ombe zizi zima, halafu wangu nimnunulie kopo?"

"Ng'ombe hawana kiburi. Ndiyo maana wana maziwa."

Troels akaweka kisu chini. "Mama, nenda nyumbani."

Ketty aliondoka, na kopo lake kwapani. Solvej alifunga mlango nyuma yake kwa kishindo kilichotikisa sahani kabatini. Kisha akakaa na pampu, inavuma na kuvuma, na kilichopatikana hakikufunika hata sehemu ya chini ya kikombe. Akampa mtoto, tone kwa tone. Akakaa tena.

Alhamisi mchana alitoka kumwamsha. Upepo ulikuwa umetulia kidogo. Akamwita, akamgusa shavu. Alfrida hakufumbua macho. Akamnyanyua, na kichwa kikaanguka begani kama cha mwanasesere wa kitambaa. Solvej alikimbilia jikoni, akamvua kila kitu, akampangusa nyayo kwa kitambaa chenye maji, akimsugua mgongo na kumwita kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Kope zikatikisika, zikafunga.

Akapiga simu ya dharura. Kisha akafungua dirisha.

"Ketty! Lete kopo!"

Mama mkwe alivuka ua mbio, viatu vya mbao miguuni, nywele nusu zikiwa kwenye vibanio. Hakuuliza lolote. Alichemsha maji, akayapoza ndani ya sinki, akakoroga. Sauti ya kwenye simu iliwaambia wasimtie kitu mdomoni mpaka awe macho, basi wakangoja, wawili hao, wakimpapasa mtoto aliye uchi kati yao, mmoja akisugua miguu na mwingine mikono. Alfrida akakunja uso, akafumbua macho, akatoa mlio mwembamba. Ketty akamshika kichwa. Solvej akaweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake. Akalamba. Akameza. Safari hii walimsikia akimeza.

Gari la wagonjwa liliwakuta bado wanamnywesha.

Hospitali walimpima kila kitu, hawakuona ugonjwa mwingine. Ni njaa tu, tena njaa ya polepole. Utando ulikatwa kwa mkasi mdogo, kitendo cha sekunde chache, na Alfrida akalia kwa hasira hadi nesi wa wodi akacheka. Kila asubuhi alipimwa. Siku ya kwanza uzito haukusogea, na Solvej hakugusa chakula. Siku ya pili ukapanda. Siku ya tatu ukapanda tena, na Troels, aliyekuja moja kwa moja kutoka zizini ananuka samadi, alikaa ukingoni mwa kitanda na kulia waziwazi.

"Nilikuwa namwangalia kila siku," Solvej akamwambia. "Sikumwona."

"Hata mimi."

"Wewe huna jicho."

"Sina," akakubali, na wote wawili wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Maziwa ya Solvej yaliongezeka alipoanza kukamuliwa sawasawa, lakini hayakufikia kutosha. Alijikamua wiki nyingi, akanywa maji, akapumzika alipoamriwa, na bado kila baada ya titi Alfrida alitazama huku na huku akitafuta zaidi. Ilimuuma. Kuna asubuhi alioga muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili asionekane akilia. Lakini alimpa titi kwanza, kisha chupa, na mara nyingi chupa ilishikwa na Ketty, ambaye hakuwahi kusema "nilikwambia", ingawa Solvej aliona wazi neno hilo likimwasha ulimi.

Mwezi wa Mei Ragnhild alikuja, akalaza mizani mezani. Alfrida alijinyonganyonga hata namba zikagoma kutulia.

"Mwembamba bado," Solvej akasema.

"Mwembamba, ndiyo. Umemwona baba yake? Ila anapanda kila mwezi. Sina la kumdai."

Akanywa kahawa yake akiwa amesimama, akafunga begi, akaenda. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama mwingine aliyejifungua.