Saa Tisa ya Mzee Machogu

Shangazi yangu Esnah alipiga taipu mjini Kisii kwa miaka kumi na tisa bila kosa hata moja. Usipomuuliza, atakwambia mwenyewe. Mwaka wa 1998 Bwana Indravadan, mwenye duka la miwani, alinunua kompyuta akamwambia waziwazi: "Esnah, hii mashine ikiandika miadi ya wateja vizuri, kazi ni yako. Ikishindwa, Ijumaa tunaachana."

Shangazi akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Aliposikia jina hilo maana yake ni chatu, aliomba kwanza ndipo akaigusa.

Programu yake ilikuwa fupi: inauliza jina, siku, kisha saa utakayokuja kupimwa macho. Kwa kuwa aliwajua watu wetu, akaiwekea ulinzi. Ukiandika "asubuhi", inakataa: "Si namba. Andika tena." Ukiandika 40, inakataa. Ilitaka namba tu, kuanzia 8 mpaka 17, kwa saa za Kizungu.

"Hapa upuuzi haupiti," alituambia, kifua mbele.

Alhamisi, Mzee Machogu wa Mosocho akaandika 9. Mashine ikamshukuru. Shangazi nusura acheze.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, daktari wa macho alikaa, akangoja, akaondoka na hasira zake. Alasiri Machogu akaingia, amevaa koti la kanisani.

"Mzee, umechelewa saa sita!" shangazi akafoka.

"Obe! Mimi niliandika tisa. Sasa ni saa ngapi?"

Shangazi akatazama ukutani. Ilikuwa saa tisa kamili. Nilimhurumia, jamani. Namba ilikuwa halali. Swali ndilo lilikuwa bovu.

Akaketi kwenye kompyuta bila kumtazama mtu. Alipomaliza, akamwita Machogu achague siku nyingine. Mzee akaandika 9 tena. Safari hii mashine ikauliza: "Saa tatu asubuhi au saa tisa alasiri?"

"Sasa inaongea kama mtu," Machogu akasema.

Indravadan alikuwa amesimama nyuma yao muda wote. "Esnah, kuja Jumatatu, nane kamili. Tuongee mambo ya kazi."

Shangazi akauliza: "Nane ya Kiswahili ama ya Kizungu, bwana?"

Indravadan akacheka mpaka akavua miwani. "Wewe kuja wakati wowote! Kazi ni yako."

"Wakati wowote si namba," shangazi akamjibu. "Andika tena."