Tundu la Chini ya Guruneti

Ukiona guruneti la mazoezi limepangwa kabatini kwa mtu, usianze kusifu rangi. Ligeuze uangalie chini. Lazima kuwe na tundu. Tundu ndilo linalosema hiki ni chuma kitupu, cha kufundishia askari kurusha, tumboni hamna kitu. Nikikuta moja kwenye meza za watu wanaouza vitu vya marehemu baba zao mbele ya nyumba zao, na chini hamna tundu, siligusi. Namwambia mwenye nyumba apige simu polisi, mimi huyo naondoka, hata liwe zuri namna gani. Hilo nilifundishwa mwanzo kabisa na nililishika.

Nililishika kichwani. Mikononi halikufika.

Maana mikono yangu ni ya fundi rangi. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia gereji kule Morogoro, nikapiga puti magari ya watu hadi nikaota mvi. Katikati hapo nilipita jeshini kidogo, ndiko nilikorusha vyuma kama hivi, tukifokewa na mkufunzi mwenye sauti ya mbuzi aliyekabwa. Huyo mkufunzi naweza kumsema mpaka jioni, lakini tumwache. Ninachotaka kusema ni kwamba fundi rangi akiona tundu kwenye bati anaona ugonjwa. Haulizi. Anachota puti, anaziba, anapiga msasa, anapaka rangi, anaita mwenye gari.

Basi mwanangu, ambaye ni nesi, akanileta huku Marekani. Nikafanya kazi ghalani Shakopee mpaka magoti yakakataa, nikabaki nyumbani kwake Eden Prairie, mahali ambapo hata chumvi haifuatwi kwa miguu. Ndipo nikaanza kukusanya maguruneti. La kwanza nilinunua kwa sababu ya uzito wake tu, kiganja kilikumbuka. Lilikuwa limeliwa na kutu kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Nikalisugua kwa brashi ya waya, nikalipaka buluu, maana huku buluu ndiyo rangi ya mazoezi. Likang'aa. Nikatafuta jingine.

Mwanangu hakuyagusa hata siku moja. Yalikaa gereji, kile chumba cha gari ubavuni mwa nyumba, ndani ya boksi, jirani na matairi ya theluji. Mimi nilitaka yakae sebuleni, kwenye kabati la kioo, watu wayaone.

"Baba, wageni wangu watakimbia."

"Watakimbia chuma?"

"Mimi mwenyewe nakikimbia, sembuse wao!" Mwisho akanipa sharti. Kulikuwa na maonyesho ya wakusanyaji kule Roseville. "Wakikubali kuyaweka mezani, wao wanaoyajua, basi nitakupa kabati. Wakiyakataa, Baba, yanatoka nyumbani kwangu. Tumeelewana?"

Tukaelewana. Wiki nzima sikutoka gereji. Nilipiga msasa, nikapaka, nikapaka tena, mpaka unaweza kujinyolea ndevu kwenye mgongo wa guruneti.

Siku ya maonyesho mwanangu aliniendesha. Mlangoni alikaa mzee wa Kizungu, rika langu, kazi yake kukagua kila kitu kabla hakijaingia. Akanyanyua la kwanza, akatabasamu. Akaligeuza. Tabasamu likazimika.

"Tundu liko wapi, bwana?"

Nikamjibu kwa fahari, nisemeje, kwa fahari kabisa: "Nimeliziba. Hata alama huoni."

Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akageuza la pili, la tatu. Yote nilikuwa nimeyaponya. Akasema, bila ukali, kwamba guruneti lisilo na tundu haingizi ndani, awe nalo nani. Nikafungue matundu yote, vinginevyo nirudi nayo nyumbani. Ikifika adhuhuri sijarudi, meza yangu atampa mtu mwingine.

Tulipofika kwenye gari mwanangu akanigeukia. "Baba. Sheria unayo wewe, unanihubiria mimi kila siku, halafu umeziba?"

"Mkono uliziba."

"Basi mkono na ufungue."

Na mkono ukafungua. Nilikaa kiti cha mbele, mlango wazi, nje theluji imegeuka tope, nikatoa tindo ndogo niliyokuja nayo toka Morogoro. Puti ya gari ikikauka ni jiwe, na niliipiga mwenyewe, kwa hiyo ilikuwa jiwe zuri. Nikakwangua. Rangi yangu ikaanza kubanduka pembeni ya tundu, vipande vipande, kila kipande kinaniuma kama naambuliwa mimi. Vidole vikafa ganzi. Mwanangu akawasha hita, akaninyooshea glovu zake. Nikakataa, glovu hazikwangui. Sikuvuka bahari nije nishindwe na puti yangu mwenyewe.

La mwisho lilipofunguka nilimpa alishike nipanguse pua. Akalipokea kwa ncha za vidole. Kisha nikamwona anaingiza kidole tunduni, anakizungusha ndani.

"Ni tupu," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Lakini kila nikichungulia kwenye boksi sioni tundu. Ningejuaje?"

Tukarudi mlangoni. Yule mzee akageuza moja moja, akaweka kidole kama mwanangu, akatupisha. Mezani sikuyasimamisha kama nilivyopanga. Niliyalaza, tundu likiangalia watu, na mikwaruzo yake yote. Rangi yangu nzuri ikaangalia ukuta.

Kabati nikapewa jioni ileile. Yamelala sebuleni vilevile, na mikwaruzo sijaipaka. Mkono bado unaniwasha, lakini nauzuia. Mwanangu hulalamika, "Baba, wageni wangu unawakaribisha kwa matako ya chuma." Ila mgeni akisita mlangoni, ni yeye anayefungua kioo, anachukua moja, anamwambia, "Tia kidole."