Blanketi la Mama kwenye Malisho ya Viboko

Unga wa njano ukisongwa kwa maji ya ziwa hutoa harufu ya gunia lililolowa, na kwangu harufu hiyo ndiyo kambi. Ilikuwa likizo, katika miaka ile ya themanini ambapo sukari, sabuni na nguo vilikuwa habari za kusimuliana, na watu walipanga foleni dukani kabla hawajajua kilicholetwa. Katika hali hiyo, wakubwa fulani wa mji wetu wa Babati waliamua kwamba kitu tulichokikosa sisi watoto ni kulala nje. Walichagua kiwanja kidogo kando ya ziwa, chenye migunga michache na benchi la saruji lililokatika mguu, wakakiita Bustani. Mimi niliishia darasa la saba, uandishi nimejifunza mwenyewe, na huwa nafuta sentensi hadi karatasi inatoboka. Hii ya Bustani nimeifuta mara nyingi nikitafuta namna ya kuiandika bila dharau. Dharau haitoki, basi ibaki.

Kila mtoto aliambiwa aje na blanketi. Nyumbani kwetu Maisaka lilikuwepo moja, la kijivu lenye mstari mwekundu, ambalo mama alishuka nalo kutoka Mbulu alipoolewa. Alijifunika nalo pamoja na mdogo wangu Yosefu, ambaye kifua kilimbana kila baridi ilipoingia. Asingelitoa, ila ilikuwa imetangazwa kwamba mzazi atakayemficha mtoto wake anapinga maendeleo, na mama hakutaka kuitwa ofisini kueleza maendeleo ni nini. Alilikunja, akalifunga kwa kamba ya katani. "Sisi tutalalia khanga," alisema. "Lakini blanketi hili lirudi. Dukani halipo, Arusha halipo, halipo popote." Nikaitikia, nikaikagua kamba fundo kwa fundo, kisha nikaikagua tena. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na bado niko hivyo.

Mkuu wa kambi alikuwa kijana wa ofisini, mgeni kutoka mkoa mwingine, aliyetaka tumwite Kamanda. Alikuwa na filimbi, na kaptula iliyopigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo yake ingeweza kukata nyanya. Alipoona sehemu ya ufukwe yenye nyasi fupi, laini, zilizolingana kama za uwanja wa mpira, alifurahi sana. "Mnaona? Hata kufyeka hatuna haja. Mahema yakae hapa." Watoto wa Babati tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hakujua ni nani aliyezikata nyasi zile. Viboko wa ziwa letu hutoka majini jua linapozama, nao hurudi kula palepale kila siku hadi panakuwa zulia. Ila kwetu mtoto hamsahihishi mtu mzima mbele za watu. Husubiri aulizwe, na Kamanda hakuwa mtu wa kuuliza.

Aliyethubutu ni rafiki yangu Paskalina, binti wa muuza samaki, mwenye mdomo uliomponza mara kwa mara. "Shikamoo Kamanda. Hapa wenyewe huja kula jioni."

"Marahaba. Wenyewe akina nani?"

"Viboko."

Kamanda alicheka, akatuangalia wote ili tucheke naye, na wengine, aibu yao, wakacheka. "Kiboko ni mnyama tu," alisema. "Akiona mistari iliyonyooka na watu wenye nidhamu, anageuka."

Paskalina akaninong'oneza, "Atageuka, na Kamanda akiwa mgongoni."

Mgeni rasmi alitarajiwa siku hiyohiyo, alasiri. Tuliamriwa kutandaza mablanketi yote nje mbele ya mahema, pembe kwa pembe, yakinyooshwa kwa uzi. La kwangu lilinyooka kuliko yote, na Kamanda akaliita la mfano. Sitaficha kwamba nilijisikia mtu. Lakini alasiri ikapita, mgeni hakufika, jua likashuka hadi kwenye matete, na mablanketi hayakuruhusiwa kuguswa kabla ya kukaguliwa. Nikajikaza, nikaenda. "Kamanda, naomba nichukue lile, ni la nyumbani."

"Hapa hakuna la nyumbani," alijibu. "Yote ni ya kambi."

Tulisikia kwanza pumzi nzito, kama mtu ametua gunia. Kisha kiboko jike akatoka kwenye matete na mtoto wake nyuma, polepole, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Kamanda alimpulizia filimbi. Kiboko hakugeuka. Aliyegeuka ni Kamanda, akatupita mbio kuelekea barabarani, filimbi bado mdomoni, ikilia kila alipohema. Mimi nilibaki nimesimama nikiangalia mstari mwekundu wa blanketi hadi Paskalina aliponivuta gauni. "We, ukifa utamwambia nini mama yako? Kwamba lilinyooka?"

Kutoka barabarani, mwanga ungalipo, tuliona wote. Kiboko alikanyaga mistari ya Kamanda mmoja baada ya mwingine, akatugeuzia mgongo na kutawanya mavi kwa mkia kama wafanyavyo. La kwetu lilinasa mguuni mwake, likachanika katikati.

Nilirudi nyumbani na vipande viwili. Mama aliuliza kama nimeumia, basi. Sabuni haikuwepo, akalifua kwa majani ya mpapai, akaliunga kwa nyuzi za gunia, lakini kingo zilikuwa zimeliwa na blanketi halikuwatosha tena wawili. Msimu ule wote wa baridi Yosefu alijifunika, na mama alikaa macho kwenye khanga akimsikiliza anavyopumua. Kamanda alipokutana naye njiani alimwamkia vizuri, akamweleza kwamba hayo ni matunda ya kujitolea.

"Basi ungeyala wewe, mwanangu," mama alimjibu, akaendelea na safari yake.

Siku hizi mablanketi yamejaa madukani hadi darini, na watu wa umri wangu wanasema kwamba zamani, pamoja na shida, tulikuwa na nidhamu. Ninawadharau kwa moyo mweupe. Hiyo nidhamu wanayoililia ni watoto wanaojua kiboko anakuja na wanakaa kimya kwa heshima. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni, kila kitu nimekipanga kama nipendavyo, na binti wa Yosefu akasema mbele ya wote, "Shangazi, jiko liko karibu na pazia." Wageni wakaniangalia, wakingoja nimkemee. Uso uliniwaka, maana sipendi kusahihishwa, sipendi kabisa. Nikainuka, nikasogeza jiko.