Nyuzi Chini ya Benchi la Tatu

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Redio, naye aliitika. Alikuwa mfagiaji wa kanisa, mama mwenye miguu myepesi na mdomo usio na kufuli. Ukitaka jambo lako lifike sokoni kabla yako, mwambie Redio. Tena mwambie ni siri.

Siku yake hasa ilikuwa Jumatatu. Wengine hufagia ili wamalize. Yeye alifagia apate habari. Chini ya kila benchi alijua nani alikaa pale jana. Makaratasi ya pipi ni ya mwalimu wa kwaya, anayedai ameacha sukari. Udongo mwekundu ni wa fundi matofali. Na mwisho wa benchi la tatu, karibu na dirisha, vipande vya uzi vya Bibi Cherehani, mshonaji mzee aliyeshona mpaka dakika ya kutoka nyumbani, nyuzi zikiwa zimemganda kwenye sketi.

Sasa Jumatatu moja, chini ya benchi la tatu palikuwa safi. Na ile iliyotangulia pia, alipokumbuka vizuri. Redio akaegemea ufagio. Bibi alikuja ibadani, walisalimiana. Amekuja, lakini hajashona. Ana nini?

Na huo haukuwa wakati wa kutoshona. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa, kanisa lilinunua vitambaa na Bibi akashona sare za watoto ambao kwao hali ni ngumu, bila mtu kuuliza nani anasali wapi. Kaptura ya kwanza ya shule ya mwanawe Redio ilitoka kwenye mashine hiyo, mwaka ambao baba mtoto aliingia mitini. Redio alisahau mengi, hasa ahadi za kunyamaza, lakini hilo hakulisahau.

Akaacha ufagio palepale, akaenda.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Nani wewe?"

Nani, na kasimama mlangoni mchana kweupe. Redio akaingia taratibu. Vitambaa vya sare vilikuwa kitandani, vimekunjwa vilevile vilivyotoka dukani. Sindano ya mashine haikuwa na uzi.

"Ni mimi, mama. Redio."

Bibi akashusha pumzi. "Kati ya watu wote, Mungu kaniletea wewe."

"Macho, mama?"

"Yamebaki ya kujua mlango uko wapi. Daktari anasema hayarudi. Kesho namrudishia mchungaji vitambaa, atafute fundi mwingine." Mkono wake ulipapasa mashine. "Ila usiseme, mwanangu. Wakijua, nitakuwa mtu wa kuletewa uji na kuombewa. Mimi kukaa bure sijui."

Redio akaahidi, akatoka akifuta machozi kwa kiganja. Aliumia kwelikweli. Lakini siri nayo ilishaanza kumwasha, na kwenye kona akakutana na muuza samaki, shoga yake wa siku nyingi.

"Mbona mnyonge leo? Kuna nini?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Kilichotoka kilimshangaza hata mwenye mdomo.

"Bibi Cherehani atatufundisha kushona. Sare za safari hii tunashona wenyewe, ukumbi wa kanisa, kuanzia leo jioni. Na nafasi ni chache."

Hapo kwenye nafasi alitia chumvi. Kisha akarudi mbio kumweleza Bibi kwamba ameshakuwa mwalimu.

"Nitafundishaje, wewe mtoto?"

"Kwa vidole, mama. Sindano nitatunga mimi."

Jioni ukumbi ulijaa. Nani asitake nafasi chache? Bibi alikaa katikati, akapokea kila mshono, akaupitisha kidole gumba. "Fumua. Hapa ulikuwa unakimbilia wapi?" Watu wakanuna, wakafumua. Hata mchungaji alifumua, tena zaidi ya mara moja.

Siku zilivyokwenda, Redio alikaa roho juu akiwachunguza. Wamejua? Hakuna aliyesema neno. Ila muuza samaki, wakati wa kutoka, alimshika Bibi kiwiko penye ngazi huku akipiga soga za sokoni. Na mwalimu wa kwaya alianza kumtajia rangi ya kitambaa kabla hajaulizwa. Redio alitamani kuuliza. Lakini atauliza vipi bila kusema?

Sare zilimalizika Jumapili asubuhi, vifungo vya mwisho vikitiwa kengele ikilia, na watu wakakimbilia ibadani na nguo zilezile walizovaa wakishona.

Kesho yake Redio akafagia. Benchi la tatu, nyuzi. La pili, nyuzi. Chini ya benchi la mwalimu wa kwaya, nyuzi juu ya makaratasi ya pipi. Mpaka nyuma kabisa, na mbele kwenye kiti cha mchungaji, nyuzi. Akakaa na ufagio mapajani, akalia kidogo, akacheka.

Muuza samaki alikuwa anapita na beseni lake, akachungulia mlangoni. "Haya, Redio. Leo umeona nini huko?"

Redio akamtazama. Akainuka, akashika ufagio.

"Vumbi tu, shoga," akasema.