Siku Niliyoulizwa Mbuzi Ni za Nani

Mimi ni katibu. Watu wakisikia hivyo wananiangalia viatu, halafu wanacheka. Lakini ni kweli, ni katibu wa kikundi cha watu watatu hapa Kakuma, na nilichaguliwa kwa sababu wale wawili wengine hawajawahi kushika kalamu. Mimi niliishika mpaka darasa la saba. Niliacha shule mwaka ule sufuria ya shule ilipoacha kuchemka. Sikuwa nimefuata hesabu, nilikuwa nimefuata maharagwe.

Hao wawili ni mama yangu mzazi, na mama mmoja wa Sudani Kusini anayekaa kambini na watoto wake. Sisi tuko upande huu wa laga, ule mto mkavu, kambi iko ng'ambo. Mama anauza kuni. Yule mama anapika mandazi. Tangu nikiwa mdogo mama alikuwa anavuka laga na mzigo wa kuni kichwani, anarudi na unga, na unga huo ulikuwa wa mgao wa mkimbizi. Kwa hivyo watu wetu wakikaa mahali na kusema wakimbizi wametumaliza, mimi nanyamaza. Hili tumbo langu limejengwa na nani?

Kwa lugha yetu, mgeni wa kabila lingine na adui wanaitwa neno moja. Mwaka wa kwanza mama alimwita yule mama hivyo, tena mbele yake, huku anapokea unga. Sijui aliacha siku gani. Hakutangaza.

Mkimbizi haruhusiwi kufuga kambini. Wanasema sheria hiyo iliwekwa ili watu wasipigane juu ya malisho, na kweli watu walikuwa wanapigana. Lakini yule mama kwao ni watu wa ng'ombe. Kumwambia akae bila mnyama ni kama kumwambia akae bila jamaa. Akaweka pesa ya mandazi kidogo kidogo, akanunua mbuzi jike mmoja, akampa mama amchungie. Ukame ukaja, mbuzi akafa. Mama akamchuna, akabeba ngozi mpaka kambini, akaitandika mlangoni kwa yule mama, kwa sababu kwetu mnyama wa mtu akifia mikononi mwako unampelekea ngozi aone mwenyewe. Yule mama akaishika, akaigeuza, akasema, "Na kwetu ni hivi hivi." Wiki hiyo akanunua mbuzi mwingine. Huyo ndiye aliyezaa, na watoto wake wakazaana, mpaka wakawa kundi ndani ya kundi letu.

Halafu mgao ukapunguzwa.

Mimi kupunguzwa kwa mgao nilikujua kwa kuni. Mama alitoka asubuhi na mzigo, jioni akarudi na mzigo uleule. Sikuwa nimewahi kuona kuni zikirudi nyumbani. Kambini hakuna mtu alikuwa na unga wa kubadilisha, na mandazi hakuna wa kununua, na asiyepika hahitaji kuni. Tulikunywa maji tukalala. Mkimbizi alipunguziwa chakula na mwenye nchi akalala njaa, na hiyo habari sikuisikia kwa redio yoyote.

Hapo ndipo yule mama akaanza kuzungumza habari ya lori. Majirani wake wengine walikuwa wameshapanda, wakapita Lokichoggio, wakarudi kwao, huko ambako bunduki hazijalala.

"Utarudi kwa vita na watoto?" nikamuuliza.

"Akhui," akasema, maana yeye ananiita ndugu yake kwa Kiarabu cha Juba, "afadhali kufa kwangu kuliko kufa kwa foleni."

Wakati huo huo ukatangazwa mradi. Wanatoa mabanda ya nyama sokoni Kakuma, na friza ya sola ndani, lakini kwa vikundi ambavyo wenyeji na wakimbizi wako pamoja. Tukaandikisha kikundi. Tukaitwa Lodwar kuhojiwa, watu wote watatu, na mbuzi waonwe na daktari wa mifugo. Yule mama akasema neno moja ambalo lilinikaa kifuani safari nzima: "Tukipata banda, nabaki. Tukikosa, mimi na watoto tunapanda lori."

Tulipata nafasi nyuma ya lori la mzigo, sisi na mbuzi. Hatujatoka Kakuma vizuri, tukafika kizuizi cha polisi.

"Mama, kibali cha kutoka kambini," afande akamwambia yule wa Sudani.

Akatoa karatasi. Afande akaisoma yote, akamrudishia.

"Hii inasema umeomba. Haisemi umepewa."

"Wamesema kesho."

"Basi kesho utapita, mama."

Nikajaribu kazi yangu nyingine, ya kuchekesha watu. "Afande, hata mimi sina kibali, na sisi watu wa huku tukifika Kitale tunasema tumeingia Kenya."

Akacheka. "Wewe uso wako ndio kibali."

"Ni mara ya kwanza huu uso umenisaidia."

Akacheka tena, akampa yule mama mkono ashuke vizuri asianguke. Hakuwa mtu mbaya, na ubaya wa siku hiyo wote ulikuwa hapo, kwamba hakukuwa na mtu mbaya. Halafu akachungulia nyuma ya lori.

"Na hizi mbuzi?"

"Zinaenda Lodwar."

"Sawa."

Kabla chuma cha kizuizi hakijainuliwa, yule mama akasogea karibu na mimi, akasema polepole, "Sema ni zenu. Zote. Wakisikia mkimbizi ako na mbuzi watatuondoa kwa mradi. Sema tu ni zenu, banda ipatikane."

"Na mama?"

"Mama yako hajui Kiswahili. Wewe ndiye mdomo."

Chuma kikainuliwa. Mbuzi zake zikapita, mwenyewe akabaki kwenye vumbi.

Nimefikiri sana juu ya hiyo, na mimi kufikiri si kazi yangu. Wakubwa wakizungumza habari ya mipaka wanauliza nani aingie, nani azuiwe. Hakuna anayeuliza huyo mtu tayari anakula na nani. Tulikuwa na mali moja, ukame mmoja, njaa moja, na tulipofika barabarani tukawa watu wa aina mbili.

Lodwar tulikuta maafisa watatu wamekaa kwenye kivuli cha ofisi, wanazungumza Kiingereza. Daktari wa mifugo akafungua midomo ya mbuzi, akapapasa matumbo, akaridhika. Afisa mmoja, mama mtu mzima, nikamsalimia kwa lugha yetu, "Ejok," akaitikia vizuri, nikaona labda Mungu yuko.

"Mwenzenu mkimbizi yuko wapi?"

"Amezuiliwa barabarani."

"Pole. Na hizi mbuzi ni za nani?"

Nimewahi kuulizwa maswali magumu. Darasani niliulizwa mto mrefu Afrika nikataja laga yetu. Lakini lile swali la mbuzi lilikuwa rahisi, na nikalizunguka.

"Za kikundi," nikasema.

"Kikundi si mtu. Za nani?"

Mama akanivuta shati. "Anauliza nini huyo?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia vile yule mama aliniagiza niseme.

"Na wewe unataka kusema hivyo?"

"Mama, ni yeye mwenyewe amesema. Tukikosa banda anaondoka."

Mama akaliachia shati langu. Akainuka, akaingia katikati ya mbuzi, akaanza kuzitenga. Huyu akamvuta pembe huku, yule akamsukuma kwa goti kule. Maafisa wakaacha Kiingereza chao. Alipomaliza kulikuwa na makundi mawili kwenye jua. Akasimama katikati.

"Waambie," akasema. "Hizi zangu. Zile za yule waliyemshusha."

"Mama, tafadhali."

"Mbuzi wa mtu unamwita wako mbele ya watu siku mwenyewe amekufa. Yeye amekufa? Ako pale barabarani. Waambie."

Nikawaambia. Sikuongeza mzaha hata mmoja.

Yule afisa akaweka kalamu chini. "Mwambie mama, sheria inasema mkimbizi hafugi."

Mama akasikiliza. "Mwambie hafugi. Mimi ndiye nafuga. Yeye ni mwenye mbuzi tu."

Daktari wa mifugo akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anacheka, akanyamaza. Yule mama afisa akaishika kalamu tena, akaigeuza fomu. "Mimi nawaelewa," akasema. "Lakini sina mahali pa kuandika hicho kitu. Sheria zinabadilishwa, vumilieni." Nilitaka kumuuliza hizo sheria mpya zikija zitapita kizuizi gani, lakini nilikuwa nimechoka. Banda likapewa kikundi kingine, cha wafanyabiashara wanne, pamoja na mkimbizi mmoja aliyekaa pembeni na shati safi, ambaye siku nzima sikumsikia akisema neno.

Kurudi, mama alikaa nyuma ya lori ameegemea mbuzi, akalala usingizi wa mtu aliyelipa deni. Mimi sikulala. Mimi ndiye mdomo. Kesho yake nilivuka laga peke yangu kwenda kumwambia yule mama, na nikaona ile laga imekuwa pana.

Nilimkuta amekaa nje, vyombo vimefungwa kwenye shuka, watoto wamevaa viatu. Alinisoma usoni kabla sijakaa.

"Tumekosa."

"Tumekosa."

"Ulisema ni zenu?"

"Mama alizitenga. Mbele yao. Zako kando, zetu kando. Akasema wewe hujafa."

Nilingoja akasirike. Alikuwa na haki. Akajifunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yakatikisika, na sikujua kama ni kulia au ni kucheka, na sikuuliza.

"Maafisa waliona?" akasema baadaye.

"Wote watatu. Na daktari."

"Waliambiwa ni zangu?"

"Nimewaambia mimi, kwa Kiswahili."

"Daktari alisema aje?"

"Alisema ziko sawa. Alisema zako karibu zote ziko na mimba."

Hiyo hakuwa anajua. Mbuzi zake zilikuwa malishoni mbali miezi mingi, na siku ile ya lori alishushwa kabla hajazikagua. Akauliza ni yupi hana, yule mweusi au yule wa madoa, nikasema mimi ni katibu, si mchungaji. Akanitukana kidogo, kwa upendo. Halafu akamwita mtoto mkubwa, akamwambia avue viatu.

"Mtu haachi mbuzi za mimba," akasema. "Lori ya wiki hii sipandi."

Wiki hii, alisema. Basi hivyo ndivyo tunaishi mpaka leo. Lori likija sokoni mama ananituma ng'ambo nikaangalie kama bado yupo. Naenda, namkuta, tunasalimiana, na hakuna hata mmoja wetu anayeuliza habari ya wiki ijayo.