Asubuhi Zumana Aliponyimwa Matusi

Zumana Kulibali alikuwa fundi baiskeli pale Segu, jirani na soko la samaki, na siku yake haikuanza mpaka atukanwe. Mwenye kazi hiyo alikuwa Korotumu Keita, mkaanga vitumbua vya uwele wa ng'ambo ya barabara. Akina Kulibali na akina Keita, wanaojiita uzao wa wafalme, ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hapimi maneno.

"Mla kunde, umeamka?" Korotumu alikuwa akiuliza, mwiko mkononi. "Nikadhani kunde za jana zimekumaliza."

"Zimebaki za kukulisha wewe. Ninyi wafalme msio na hata kuku, nani mwingine atawalisha?"

Wateja walikuwa wakicheka, vitumbua vikinunuliwa, na Zumana akishika bisibisi moyo mweupe. Mkewe alipofariki, Korotumu ndiye aliyeingia matangani, akajitandaza kwenye mkeka wa marehemu na kuuliza kwa ukali chakula chake kiko wapi. Zumana alicheka siku ile katikati ya machozi. Tangu hapo alimpenda mwanamke yule kama unavyompenda mtu aliyekuokota njiani.

Basi Jumatatu moja, siku ya gulio, Zumana akavuka kufuata vitumbua vyake. Korotumu akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwa kanga, akakunja magoti kidogo, macho chini.

"Umeamka salama, baba Sitan? Kazi inaendaje?"

Zumana akajitazama suruali, pengine imechanika. Ilikuwa nzima. Halafu akakumbuka kwamba wiki iliyopita alikwenda zahanati kupimwa presha, na muuguzi wa pale ni mteja wa vitumbua.

"Amekwambia nini yule muuguzi?"

"Muuguzi gani, baba Sitan?"

"Sema tu, Korotumu. Mimi ni mtu mzima. Zimebaki siku ngapi?"

"Mungu apishe mbali," akasema Korotumu kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza. Mtu hakosi kutukanwa na mtani wake hivi hivi. Mpaka adhuhuri alikuwa amefunga pedeli za watu kinyume, na mwenye baiskeli akamwuliza kama amelewa.

Jioni akamweleza binti yake, Sitan, kwamba ajiandae, baba yake hana muda mrefu. Sitan akacheka mpaka akaweka bakuli chini. Kisha akaona haya.

"Huumwi, baba. Mama Modibo wa vitumbua anataka kukuletea kokwa za kola. Atamtuma mzee Bala."

Hapo Zumana akaelewa, na afadhali angekuwa anaumwa. Mzee Bala ndiye msemaji wa familia za mtaa ule, na hakuna anayetuma kola kwa baba wa msichana ila anayeposa. Mkwe haangaliwi usoni, sembuse kutaniwa. Korotumu, mama wa kijana na mtu makini, alikuwa ameanza heshima mapema ili ulimi uzoee.

Modibo mwenyewe alikuwa kijana wa kazi, mpole, hadeni wala hadaiwi. Zumana alimtafutia kasoro kwa bidii asiione. Mzee Bala alipokuja na kola zake, Zumana hakuzigusa.

"Niache nifikirie."

"Ufikirie nini, Kulibali? Kijana unamjua tangu anatambaa."

"Kuna mambo."

Bala akaondoka nazo. Akaja tena, akaondoka nazo tena. Ng'ambo ya barabara Korotumu akaendelea kukunja magoti, na vitumbua vikaanza kulala, kwa kuwa watu wengi, ukweli usemwe, walikuwa wakifuata matusi. Zumana alikula vyake kimyakimya. Havikuwa na ladha.

Hatimaye Sitan akaja kukaa mbele ya baba yake.

"Modibo ana kosa gani?"

"Hana."

"Basi kosa ni langu."

"La, mwanangu." Zumana akasafisha mnyororo uliokuwa safi tayari. "Ukiolewa pale, mimi nani atanitukana?"

Alitegemea binti yake acheke. Sitan hakucheka.

"Kwa hiyo nizeekee hapa, baba, ili wewe uitwe mla kunde."

Alisema taratibu, bila hasira, na Zumana akaona aibu ambayo matusi yote ya Korotumu hayakuwahi kumtia. Mzee mzima, anamshikilia mtoto kama mtu anayeng'ang'ania kiti. Siku hiyohiyo akamwita Bala, akapasua kola na kuitafuna mbele ya wazee. Ilikuwa chungu. Sitan alikimbilia chumbani, na huko ndani kukasikika vigelegele vya wenzake.

Kesho yake Korotumu akamsalimu mkwe wake kwa adabu zote. Zumana akaitikia kwa adabu zote, akarudi, akaketi mbele ya baiskeli iliyopinduliwa. Akalizungusha gurudumu, akalisikiliza, na mdomo ukamwasha.

"Wewe tairi," akasema, sauti ya kuvuka barabara, "unavuta upepo mchana kutwa na kazi hufanyi. Bila shaka ukoo wako ni Keita."

Ng'ambo mwiko ukasimama. Korotumu hakuinua uso. Aliinama juu ya kikaango chake, mabega yakimtetemeka.

"Na wewe kitumbua," akakiambia, "mbona umevimba tumbo hivyo? Umelala kwa Kulibali, ukalishwa kunde?"

"Tairi, usimjibu. Watu wa kasri wana njaa, hasira ziko karibu."

"Kitumbua, geuka huko. Hewa ya upande ule si nzuri."

Mteja mmoja, mgeni wa gulio, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mama, unaongea na yule mzee?"

"Mimi?" Korotumu akajifunika kanga vizuri, macho chini. "Yule ni mkwe wangu. Namheshimu sana."